Yale mnayoninong'oneza dirishani, halafu kwa dokta mnanyamaza

Huu mwaka wa saba nakaa mapokezi ya kliniki ya meno hapa Dar, na nilichojifunza ni kwamba kila mtu anakuja na shida mbili, moja ya kuandikisha kwenye faili na moja ya kuninong'oneza mimi. Kwenye faili tunaandika "jino linauma". Dirishani mtu anainama, anaangalia kushoto kulia, halafu: "Dada samahani, hivi dokta wa leo ni mwanaume au mwanamke?" Au, "Dada choo kiko wapi, nipige mswaki kwanza?" Kuna kaka mmoja alimaliza pakiti nzima ya pipi za minti pale kwenye benchi, moja baada ya nyingine, vikaratasi anavikunja anaweka mfukoni. Akaitwa, akaingia, akazibwa jino, akatoka. Anavyolipia ndo ananiuliza mimi, "Hivi mdomo kunuka huwa mnatibu?" Jamani! Umetoka kukaa nusu saa umeachama mbele ya mtu ambaye hiyo ndo kazi yake, unakuja kumuuliza mkata risiti.

Mimi siyo dokta, niseme mapema. Ila miaka yote hiyo nakula nao chakula cha mchana na nawauliza, na wananijibu vitu ambavyo nyie mngeuliza wenyewe wangewajibu vilevile, bila hata kushangaa, maana wewe ukikaa kwenye kile kiti ni mtu wa kumi na moja siku hiyo.

Tuanze na harufu maana ndo inayoongoza. Watu wengi wanaamini mdomo ukinuka ni tumbo, kwa hiyo wanakunywa dawa za minyoo, wanakunywa za gesi, na mdomo uko palepale. Ukweli ni kwamba mara nyingi sana harufu inatengenezwa humohumo mdomoni. Kuna bakteria wasiopenda hewa, wanajificha nyuma kabisa ya ulimi na kwenye mifuko ya fizi, wanakula mabaki ya chakula na ngozi iliyokufa, na wakishakula wanatoa gesi zenye salfa, ile familia ya harufu ya yai viza. Mate ndo yanayowafagia, ndo maana asubuhi kila mtu ananuka, usiku mate yanapungua. Ndo maana pia mfungaji saa kumi jioni ana harufu yake, na anayemeza dawa za aleji au baadhi ya dawa za msongo wa mawazo mdomo unakauka na harufu inakuja hata kama anapiga mswaki mara tatu kwa siku.

Sasa yule kaka wa pipi alifanya kitu kibaya bila kujua, alifuta ushahidi. Dokta akitaka kujua harufu inatoka wapi anahitaji aikute. Kwa hiyo ukiwa unaenda kwa ajili hiyo usile pipi, usisukutue na dawa, nenda ulivyo. Na sentensi ni fupi tu, "Dokta nahisi mdomo wangu unanuka, naomba uniangalie." Atakagua ulimi, fizi, jino lililotoboka, kama una meno ya bandia atayakagua, na ataangalia koo maana kuna vile vipunje vyeupe vinavyojikusanya kwenye vishimo vya tonsi, ukikohoa kimoja ukakiminya kwa vidole utakoma. Hivyo watu wanadhani ni ugonjwa wa ajabu, wengine wanadhani wana kansa, kumbe ni mabaki yaliyoganda tu. Ukitaka kujipima nyumbani, lamba mkono karibu na kiganja, subiri sekunde chache pakauke, nusa. Au pitisha uzi katikati ya magego halafu nusa uzi. Na kabla hujanunua chochote cha bei, anza kusugua ulimi, nyuma kule unakokaribia kutapika, siyo ncha.

Halafu kuna kundi la pili ambalo hata mdomo haunuki kabisa. Mtu ana uhakika ananuka, akiona mwenzake kwenye daladala kajikuna pua anajua ni yeye, ameacha kuongea na watu kwa karibu. Huyo akimwambia dokta ukweli ananusurika miaka ya mateso, maana atapimwa na ataambiwa.

Kutoka kwenye harufu twende kwenye damu, maana ni majirani. Mtu anakwambia fizi zinatoa damu, unamuuliza tangu lini, anasema aah kitambo, kila nikipiga mswaki. Umefanyaje? "Nimeacha kupiga upande huo." Hapo ndo tunapoanza kuzama, sababu fizi haitoi damu kwa kuwa umeigusa, inatoa damu kwa kuwa hujaigusa vya kutosha. Utando ule laini unaokaa juu ya jino usipoutoa, fizi inavimba kupambana nao, na baada ya siku kadhaa utando unashika chumvichumvi za kwenye mate unageuka jiwe, ndo ugaga huo. Ugaga hautoki kwa mswaki hata ungesugua na brashi ya chuma, ni mpaka ukwanguliwe kliniki.

Na hapa kuna malalamiko nayapokea mimi, siyo dokta. Mtu kasafishwa meno Jumatatu, Alhamisi yuko dirishani kafura, "Mmenilegeza meno, na mmeniachia mapengo katikati." Dada, yale mapengo yalikuwepo, yalijazwa na ugaga. Na jino halikulegezwa na mashine, lilikuwa limeshalegea muda mrefu, mfupa umekwisha chini, lile jiwe ndo lilikuwa linayashikilia meno pamoja kama saruji. Ukiondoa saruji unauona ukuta ulivyo. Hiki kitu madokta wangekisema kabla ya kuanza kazi, nami huwa nawaambia, tungepunguza ugomvi nusu.

Vitu ambavyo watu hawataji sababu hawaoni vinahusiana na meno ndo vinavyotusumbua zaidi. Sukari, kwa mfano. Mwenye kisukari kisichotulia fizi zake zinaoza haraka, na fizi mbovu nazo zinafanya sukari igome kushuka, vinasukumana. Tumeshapata wagonjwa waliopelekwa kupima sukari kwa sababu ya fizi, hawakujua. Dawa za presha pia, kuna amlodipini na nifedipini, na ile ya kifafa fenitoini, zinaweza kufanya fizi ikue inapanda juu ya meno kama inataka kuyameza. Mtu anaona aibu anadhani ni uchafu wake, kumbe ni kidonge. Usiache dawa kwa kichwa chako, ila kitaje. Na sigara, hii ni ya ajabu kidogo, mvutaji fizi zake zinaweza zisitoe damu kabisa, nikotini inabana mishipa, kwa hiyo anajiona mzima huku mfupa unaliwa kimyakimya. Dokta akikuuliza unavuta au unakula mirungi au kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, hakuulizi ili amwambie mama yako.

Wajawazito ni hivyohivyo. Fizi kuvimba na kutoa damu ni homoni, inatokea kwa wengi sana. Habari kwamba mtoto ananyonya chokaa ya meno ya mama siyo kweli, meno yanatoboka kwa sababu ya kula kidogokidogo mchana kutwa na kutapika, asidi ya tumbo inalainisha jino. Ukitapika sukutua na maji kwanza, usikimbilie mswaki, ngoja kama nusu saa. Na jino likiuma njoo, sindano ya ganzi ya kawaida inaruhusiwa, muda mzuri zaidi ni mimba ya mwezi wa nne mpaka wa sita lakini jipu la jino halingoji kalenda. Wengi wanakaa na maumivu miezi sita wanaogopa kuambiwa "na mimba yako hiyo umekuja kung'oa?"

Sasa niongelee meno ya kahawia, maana hili linanigusa, nimeolewa Arumeru, kule Arusha.

Wifi yangu mdogo akicheka anaziba mdomo na kiganja. Kwenye picha za harusi yangu zote kafunga midomo, unaweza kudhani alikuwa amenuna. Amesugua na mkaa, na majivu, na limao, na magadi, mpaka meno yakaanza kupata ganzi akinywa maji ya baridi, na kahawia iko palepale. Alipokuja mjini nikamvuta kliniki, akaingia akamwambia dokta amekuja kuangalia gego. Gego! Dokta akaangalia gego, zima, akamwambia uko sawa, akatoka. Ilibidi nimrudishe mimi kwa mkono.

Ile siyo uchafu na haijawahi kuwa uchafu. Maji ya kuzunguka Meru na Kilimanjaro, na sehemu nyingi za Bonde la Ufa mpaka kule Nakuru na Naivasha kwa jirani zetu, yanapita kwenye miamba ya volkano na yanabeba madini ya floraidi kwa wingi. Kidogo inaimarisha jino, ndo maana iko kwenye dawa ya meno, ila ikizidi mwilini wakati jino la mtoto linajengwa ndani ya fizi, ganda linatoka na kasoro, madoa meupe kama chaki, halafu kahawia, na likizidi kabisa vishimo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi tulikuwa na kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, siyo kwa kupenda, ni kwamba ukisema 1.5 vijiji vingine vinabaki havina chanzo hata kimoja. Na magadi tunayotia kwenye maharage na makande yaive haraka nayo yana floraidi yake.

Kwa hiyo ukubwani ukihamia Arusha meno yako hayageuki, yanaharibika ya mtoto, hasa mpaka kama miaka minane hivi. Kuchemsha maji hakusaidii, tena unayapunguza maji na floraidi inabaki, inakuwa nzito zaidi. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, wanachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na unafanya kazi. Kwa mtu mzima ambaye tayari ana kahawia, madoa ya juujuu yanaweza kusuguliwa na dokta kwa dawa maalumu yakapungua sana, mengine yanang'arishwa, yaliyozama yanafunikwa na ganda jipya la rangi ya jino. Kila moja ina bei yake, na unaruhusiwa kuuliza bei kabla ya kuachama. Wifi aliishia kufanya manne ya mbele tu, yale yanayoonekana akicheka, mengine kayaacha kama yalivyo.

Hiyo bei nayo ni aibu yake peke yake. Mtu anaambiwa jino hili linatibika mzizi, anatingisha kichwa ndiyo ndiyo, anakuja kwangu anasikia kiasi, anasema "narudi mwisho wa mwezi", harudi. Miezi mitatu baadaye anakuja shavu limekuwa kama ana andazi mdomoni. Angesema palepale "dokta hela sina yote" angepewa njia, kuna kuzibwa kwa muda, kuna kutibu kwa awamu, na kuna kung'oa, ambako siyo dhambi ila lijue kabla.

Katikati ya hiyo miezi mitatu ndo maajabu yanafanyika. Diklopa, amoksilini nusu dozi, flajili, gundi, tumbaku, maji ya betri, jamani maji ya betri, mtu kaweka kwenye jino! Aspirini iliyosagwa ikawekwa pembeni ya jino, inaunguza fizi inakuwa nyeupe. Halafu siku moja maumivu yanakata yenyewe na mtu anatangaza kapona. Hujapona. Mshipa wa ndani umekufa, ndo maana haulalamiki, na wadudu sasa wana nyumba ya bure mpaka kwenye mfupa. Dokta anakuuliza ulitumia nini siyo akuchambe (japo wapo wanaochamba, siwatetei), anataka kujua umemeza nini na kiasi gani, ini lako na tumbo lako vina hali gani. Karafuu peke yake ndo naitetea, mafuta yake yanatuliza kweli kwa muda, na ile harufu mnayoisikia mkiingia kliniki ya meno, inayowatia hofu, nyingi ni karafuu hiyohiyo, dawa yake imechanganywa kwenye ile saruji ya kuziba kwa muda. Inatuliza tu lakini.

Wanaume wakubwa wanaogopa sindano. Nawaambia mimi nawaona, mtu ana kitambi na funguo za gari, anatetemeka goti. Semeni. Kuna dawa ya kupaka kwanza, na sindano ikisukumwa polepole inauma kidogo tu. Moyo kwenda mbio baada ya ganzi mara nyingi ni adrenalini iliyochanganywa humo ili damu isimwagike sana, inapita baada ya dakika chache, siyo kwamba unakufa. Kama mara ya mwisho uliwahi kung'olewa ukasikia kila kitu, hukudanganyika, penye usaha pana asidi na ganzi haishiki vizuri, ndo maana wakati mwingine wanakupa dawa siku kadhaa kwanza. Kubaliana na dokta, nikinyoosha mkono wa kushoto simama. Kwa wanaotapika wakiwekewa kitu mdomoni, omba miadi ya saa nne au tano badala ya alfajiri, pumua kwa pua, na chezesha vidole vya miguu, inachekesha lakini akili inahamia huko.

Kuna aibu inayokwenda pande zote mbili. Upande mmoja mtu anataka kuuliza hivi vyuma vimechemshwa kweli, anaogopa ataonekana anajua sana. Uliza! Vinatakiwa viwe vimepita kwenye mashine ya mvuke, nyuzijoto 121 kama robo saa au 134 dakika tatu hivi, na pakiti ifunguliwe mbele yako, glavu mpya. Upande wa pili mtu anatumia ARV na hasemi, anaogopa atawekwa wa mwisho. Kinga wanazotumia ni zilezile kwa kila mgonjwa, wanamchukulia kila mtu kama anaweza kuwa na chochote. Wanachotaka kujua ni kwa nini una utando mweupe ulimini, kinga yako ikoje, na dawa gani isigongane na gani. Na siyo lazima uitangazie foleni, mwambie dokta mlango ukishafungwa. Mimi wa dirishani siyo lazima nijue, na ukiniambia naomba upunguze sauti, watu wanasikia.

Jingine akina mama wanalimeza kabisa. Mtoto ana miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, jino la chonge halijaota, au limeota limepinda lina kasoro. Dokta anauliza, je alipokuwa mchanga alitolewa "meno ya plastiki"? Kimya. Mama anaangalia chini, bibi aliyemsindikiza anaangalia dirisha. Hii imeenea kwetu tangu miaka ya 1980, na Uganda wana yao wanaita ebinyo. Mtoto anaharisha, ana homa, mtu anaona kwenye fizi pana uvimbe mweupe, anasema hayo ndo yanayomuua, anayachokonoa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Kile cheupe laini kilichotoka ni kiini cha jino la utotoni kabisa la kawaida, lilikuwa bado halijakomaa. Kuharisha kulikuwa kuharisha tu, kungetaka maji ya chumvi na sukari na hospitali. Wapo watoto waliopata pepopunda, wapo waliokufa kwa damu na maambukizi. Walionusurika wengi wanabaki na kile kiini cha chini yake, cha jino la ukubwani, kimeumia au hakipo. Mama ukisema ndiyo, dokta anajua aangalie nini kwenye eksirei na mpango wa mtoto unakuwa tofauti. Kesi haifunguliwi. Ulikuwa na mtoto mgonjwa na wakubwa wote wa nyumba wamekuzunguka wanakwambia fanya hivi, nani angekataa.

Namalizia na mama mmoja mtu mzima, baibui na mkoba mweusi, alikuja mara tatu akidai kaakaa linawaka kama kala pilipili. Mara zote alipewa dawa ya fangasi, anapata nafuu, linarudi. Ya tatu akaninong'oneza. Ana pleti, ile ya meno ya bandia, ya meno matatu ya mbele, ya kwake aliyapoteza kwenye ajali kabla ya kuolewa, mumewe hajui. Miaka tisa analala nayo. Nikamwambia mama hilo ndo la kwenda kumwambia dokta, neno kwa neno, akarudi ndani.

Pleti isipovuliwa kaakaa halipati hewa wala mate, fangasi wanatawala. Inatakiwa ivuliwe usiku, isuguliwe kwa brashi na sabuni ya kawaida maana dawa ya meno inaikwaruza, ilale kwenye maji ya baridi, ya moto yanaipinda. Dokta alimsikiliza, hakumwambia kamwambie mumeo. Alimuuliza, baba anatoka saa ngapi kwenda kazini? Saa moja asubuhi. Anarudi? Baada ya magharibi. Basi vua saa mbili, vaa saa kumi.

Akatoka anatabasamu kidogo, akasimama dirishani, nikadhani anataka risiti. Akaniuliza kama naweza kumtafutia kikopo chenye mfuniko, kisichoonyesha ndani.